Siku Tuliponyamazisha Kompyuta Kilole

Tulikuwa wanne. Wa kwanza ni mimi, bibi wa Kizigua wa Mkata. Wa pili ni mjukuu wangu wa kike, mtoto wa mwanangu wa tatu. Wa tatu ni mama yake, mkwe wangu, Msambaa wa Mashewa, na nyumba ya Kilole, Korogwe, ninayoisema hapa ndiyo anayokaa. Wa nne ni fundi redio wa karibu na stendi ya Korogwe, ambaye si ndugu yetu, ila kwao na kwao mkwe wangu ni shamba kwa shamba, kwa hiyo anaingia kwetu kama mjomba. Majina yao ninayo yote, na ya baba zao, na ya babu zao, hata la mbwa wa kwao fundi nalijua. Lakini mjukuu kasema kwenye maandishi tusitaje mtu, nami nimekubali kwa shida.

Naandika kwa mkono wangu. Shule yangu ni darasa la pili na kisomo cha watu wazima, basi msinidai koma.

Mjukuu wangu alisomea ualimu, akamaliza, akakaa miaka minne nyumbani anasubiri ajira. Mtoto mwenye sauti nzuri, akisoma barua unataka aisome tena. Mwaka huu akapata habari ya watu wanaotengeneza vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya watoto wasioona. Walikuwa wanatafuta msomaji. Akawatumia sauti yake ya majaribio. Siku ile niliposhuka kwenye basi kutoka Mkata na kifuko changu cha unga wa muhogo, nikamkuta amekaa kizingitini na simu mkononi. Hata shikamoo yake ilitoka nusu.

Wamejibu, akaniambia. Sauti wameipenda, lakini nyuma ya sauti kuna mlio. Arekodi upya sura nzima bila kukatika, kurasa kumi na nne, waipate kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Mlio ukiwepo tena watamchukua mwingine. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nikamwuliza kwa nini asitumie simu. Akasema wanataka sauti ya kipaza chenye waya, kile alichoazima kwa rafiki yake, na waya wenyewe mfupi, hauwezi kufika mbali na kompyuta. Kompyuta ni ya mezani, kuukuu, sanduku lake limesimama kama kabati dogo. Akaiwasha nisikie. Ilikuwa inalia kama mbu wa masika aliyekwama sikioni.

Tukaifungua ubavuni. Ndani mlikuwa na feni kubwa mbili zinavuma polepole, hizo hazina ubaya. Lakini chini kidogo, juu ya ule ubao wote wa ndani ambao mafundi wanauita mazabodi, palikuwa na kifeni kidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa. Mjukuu akachukua njiti ya ufagio, akakigusa kikasimama. Mbu akafa. Akaiondoa njiti, mbu akafufuka.

"Huyo ndiye mchawi wetu," nikasema.

Mjukuu akanieleza kwamba chini ya kile kifeni kuna chipu, na chipu ile ni kama njia panda, kila kitu kinachokwenda huku na huku ndani ya kompyuta kinapita kwake. Kwa kazi hiyo inapata moto, ndiyo maana imewekewa feni. Ukiondoa feni hivi hivi, inaungua. Ukiiacha, kazi imekwenda.

Jumanne fundi akaja. Akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikaitikia marahaba, kisha utani ukaanza, maana Msambaa akimwona Mzigua mdomo unamwasha. Akauliza kama kompyuta imeanza kulia baada ya kusikia nakuja. Nikamwambia ililia ilipoonja chai ya Wasambaa.

Akatazama ndani, akatikisa kichwa. Kifeni kama kile Korogwe hakipo, na hata kikipatikana, vumbi letu hili litakifanya kilie tena. Akasema ataweka kitu kisichozunguka kabisa. Jioni akarudi na kipande cha alumini alichokikata kwa msumeno kutoka kwenye amplifaya iliyokufa, kizito, kimepangwa meno marefu kama kitana. Nikamwuliza kitapulizaje.

"Hakipulizi, bibi. Kinanyonya joto la chipu, halafu hewa inapita kwenye meno inaliondoa. Kazi yake kukaa kimya tu."

Nikasema basi hicho hakijazaliwa Usambaani. Mkwe wangu akacheka mpaka akaweka sinia chini.

Fundi akang'oa kifeni, akapaka chipu dawa nyeupe kama dawa ya meno, akakibana kile kipande kwa vyuma vyake, akaurudisha ubavu. Tukawasha. Kimya. Jamani, kimya mpaka nikasikia maharage yanachemka jikoni.

Jumatano mchana tukajipanga. Chumba tukakitundika mablanketi, mlangoni tukasimamisha godoro. Mkwe wangu akakaa barabarani kuwanyamazisha wenye pikipiki, mimi nikakaa uani na fimbo kufukuza majogoo. Mjukuu akaingia ndani kusoma, jasho linamtiririka. Alipofika ukurasa wa tatu kompyuta ikazimika yenyewe.

Akatoka ananitazama. Akanishika mkono akaniingiza ndani, akanionyesha kitambaa changu.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, makochi yana vitambaa. Asubuhi ile niliona sanduku lile liko tupu na vumbi la Korogwe linaingia kwenye matundu, nikalivika kitambaa nilichokifuma mwenyewe, kile cheupe chenye maua, kikashuka vizuri mgongoni. Matundu yote ya juu na ya nyuma nikawa nimeyaziba. Joto lingetokea wapi?

"Mama umeivika harusi," mkwe wangu akasema, "nayo imezimia kwa aibu."

Nilitamani kurudi Mkata kwa miguu. Mtoto kasubiri miaka minne, nami naja kumfungia njia kwa uzi na sindano. Yeye wala hakunikaripia. Alikikunja kile kitambaa akaniwekea mapajani, akasema tujaribu tena.

Tukaiacha ipoe, akaanza upya. Safari hii alifika ukurasa wa tisa. Nikaanza kushukuru kimoyomoyo. Ikazimika tena.

Jioni hiyo alikaa kitandani hakula. Akasema labda kazi hii si yake. Nikaenda peke yangu kwenye kompyuta, nikaufungua ubavu wake, nikaiwasha, nikangoja kidogo, kisha nikakigusa kile kipande. Kilikuwa cha moto kama sufuria ya ugali. Nikakitazama sana. Sanduku limesimama, mazabodi nayo imesimama ndani yake kama ukuta, na yale meno ya alumini yamelala, yanakwenda kushoto na kulia kama rafu za duka.

Sasa, mimi mahindi nimeyahifadhi tangu nikiwa mwali. Kwetu Handeni tunayapanga kwenye uchaga juu ya mafiga, moshi uyakaushe na wadudu wakimbie. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinipiga kofi la mkononi mara moja tu katika maisha yake, nilipopanga mahindi yamelaliana yamebanana. Akanifundisha kuacha vijia vya kupandia juu. Alisema moshi na joto havijui kupinda, vinajua kupanda. Ukivifungia, mahindi ya chini yanaungua na ya juu yanaota ukungu.

Nikamwita mjukuu. "Hebu njoo uone. Hewa ya moto inataka kupanda, na hapa inakuta sakafu juu ya sakafu. Inatokea wapi?"

Alitazama. Akaweka kiganja chake hivi, kimelala, kisha akakisimamisha. Akampigia fundi simu papo hapo.

Alhamisi asubuhi fundi akaja na maneno yake mdomoni. Akasema ametengeneza redio kuanzia Mombo mpaka Muheza na hajawahi kuagizwa na Mzigua atundike mahindi kwenye kompyuta. Nikamwambia atundike tu, njaa ikija atanishukuru. Lakini alipoinama na kutazama, utani ulimwisha. Alikiri kwamba alikiweka vile kwa sababu vyuma vya kubania vilikubali haraka upande huo, na sanduku alikuwa kalilaza, akasahau kwamba husimama. Akijaribu kukigeuza, pembe yake inagonga kadi iliyo jirani. Mkwe wangu akamletea tupa ya kunolea majembe. Fundi akaisaga ile pembe muda mrefu, akafuta dawa, akapaka mpya, akakibana meno yakiwa yamesimama, vijia vyote vinatazama juu.

"Haya bibi," akasema, "uchaga wako huo."

Tukarudi kila mtu kwenye zamu yake. Nilihesabu kurasa kwa kokoto, maana dirishani nilikuwa namsikia kwa mbali akifunua. Ya tatu ikapita. Ya tisa ikapita, na hapo jogoo mmoja akapita mbele yangu nikasahau kumfukuza, naye kwa hisani yake hakuwika. Ya kumi na mbili. Ya kumi na nne. Kisha kimya, kisha godoro likaanguka na mjukuu wangu akatoka amelowa kama katoka mtoni, ananicheka, analia. Fundi aliingia mbio kukigusa kile kipande. Akatoka ananionyesha kidole chake kizima. Kina joto, akasema, joto la kikombe cha chai iliyosahauliwa.

Mkwe wangu alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Sauti ilitumwa Alhamisi hiyo hiyo, siku moja kabla. Jibu lilikuja wiki iliyofuata: hakuna mlio, kazi ni yake, aanze na vitabu vitatu. Sasa anasoma kila siku, na kompyuta ile inakaa naye chumbani kimya. Juzi ameniwekea sauti yake kwenye simu nikaisikiliza Mkata shambani, nikasimamisha jembe. Nilimsikia yeye tu, na pumzi yake.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mkwe wangu anadai kurasa zilikuwa kumi na sita, na fundi, nimesikia, anawaambia watu wa stendi kwamba wazo la kukigeuza lilikuwa lake. Mliokuwepo, na ninyi majirani wa Kilole mliokuja kwa vigelegele, mkiona nimekosea siku au neno la mtu, njooni mnisahihishe. Ila fundi aje kusemea mbele yangu.