Vyoo Vyangu vya Nateete

Si Okello. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na jambo lingine nitalizunguka mpaka mwisho, kama nilivyolizunguka miaka yote hii. Kila aliyeniuliza ilikuwaje kwenye mradi wetu wa mwaka wa mwisho, nimemwambia kwamba upande wa nyuma ya soko aliupima Okello, kijana mzuri lakini mzembe kidogo (la uzembe niliongeza mwenyewe, kwa ladha), na nimelisema mara nyingi hivi kwamba siku nyingine namwona kabisa kichwani, ameshika utepe wa kupimia, anapima vibaya. Okello hakupima upande ule. Ulikuwa upande wangu, na mimi pia sikuupima.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na saba, watoto wawili, na mume aliyeamini kwamba kusomea usanifu wa majengo katika umri wangu ni homa itakayopita yenyewe. Darasani wote waliniita Mama, hata mhadhiri wetu, Dokta Namusoke, niliyemzidi mwaka mmoja tu. Tulipangwa wawili wawili, nikapewa Okello, na tulielewana haraka maana wote tulikulia kambi ya polisi, ambako lugha ni Kiswahili, tofauti na mjini kwingine, na baba zetu wote walitoka kaskazini, kwa hiyo tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili na wenzetu hawaambulii kitu. Yeye alikuwa na miaka ishirini na tatu. Kazi ilikuwa inamsubiri Arua, huko kwao kaskazini, kwa sharti moja, amalize chuo mwaka ule ule.

Tulitakiwa kuchora upya eneo la soko la Nateete, pamoja na stendi yake ya teksi. Lakini kabla ya kuchora unapima: unatembea kila kichochoro, unahesabu milango, unaandika nani anakaa wapi na anafanya nini. Dokta alituonya siku ya kwanza kabisa kwamba atakayebuni vipimo atarudia mwaka, na asije ofisini kwake kulia. Tukagawana. Okello akachukua mbele, mimi nikachukua nyuma.

Siku yangu ya kupima ilikuwa imenyesha, njia ya nyuma ya soko ilikuwa tope tupu, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vyeupe (msiniulize kwa nini). Nikasimama kwenye kona, nikaona ua wa michongoma na vilele vya miti miwili, nikajiambia kwamba kilichobaki nitakitazama nyumbani kwenye picha za setilaiti. Nikakitazama. Kulikuwa na kipande cha kijani, kizuri, kimetulia katikati ya mabati yenye kutu kana kwamba kimeachwa pale kwa ajili yangu. Nikaandika kwenye daftari la vipimo: uwanja mtupu, hautumiki.

Basi. Dokta alipouona ule uwanja kwenye ramani alisimama kabisa, akasema katika mji huu uliojaa hivi nyinyi mmepata uwanja mtupu, mbona mradi wote hauelekei hapo? Tukauelekeza hapo. Njia zote zikageuka, maduka yakageuka, mimi nikabuni mteremko wa ardhi ambayo sijaikanyaga, nikaweka jukwaa, viti vya saruji, mnara wa saa, na kwenye pembe ya juu, ambako upepo (wa kubuni pia) ungepeleka harufu mbali na wauza chakula, nikaweka vyoo vya umma, sita vya wanawake na sita vya wanaume.

Okello aliniuliza mara moja tu. "Mama, pale ulifika kweli? Mbona watu wa soko wanasema hawapapiti?"

"Sasa unanifundisha kupima, wewe mtoto?"

Akacheka, akarudi kukata karatasi. Ningeweza kwenda kesho yake. Kutoka Kisugu, nilikokuwa nakaa, mpaka Nateete si safari ya kuaga watu. Sikwenda.

Sasa, kwenye studio yetu ya kuchorea kulikuwa na desturi moja, kwamba siku ya mwisho wakazi wa eneo ulilolichora wanaalikwa, wanakaa mbele pamoja na wahadhiri, na wanauliza wanachotaka. Kwetu walikuja wawili. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene mchangamfu, na wa pili Mzee Abdallah, muuza vitambaa, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na biashara na hakurudi tena. Mzee alivaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, akaomba akae karibu na meza kwa sababu ya masikio yake. Kwenye meza kulikuwa na modeli yetu, kubwa kama mlango, miti yake tuliikata kwenye sponji za kuogea tukaipaka rangi ya kijani.

Nilieleza kwa Kiingereza, kisha kwa heshima ya wageni nikarudia kwa Kiswahili, nikijisikia msomi mpaka kwenye kucha. Mwenyekiti alipoona vyoo alipiga makofi.

"Hapo umefanya vizuri sana, nyabo! Choo sisi tunaomba siku mingi!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Mzee Abdallah hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya modeli, kidole chake kikitoka stendi ya teksi, kikipita soko, kikikunja kona taratibu kama mtu anayekwenda nyumbani kwake.

"Binti yangu, hapa mlifika?"

"Tulifika, mzee."

"Mkaona nini?"

"Nyasi."

"Nyasi tu?"

Hapo bado mlango ulikuwa wazi. Ningesema, mzee, nisamehe, sikufika. Badala yake nikasema, "Nyasi tu, na miti miwili. Pametelekezwa."

Akanyoosha mgongo. "Hayo ni makaburi yetu," akasema, bila kupaza sauti. "Sisi hatujengei makaburi, tunaacha nyasi. Hapa yupo baba yangu, hapa ndugu zangu wawili. Na hapa," kidole kikagusa vyoo, "yupo mama yangu. Mnaanza kujenga lini?"

Nyuma mwanafunzi mmoja akamaka "Banange!" na mwingine akashindwa kuzuia kicheko, kikamtoka puani. Dokta akaruka kueleza kwamba hakuna kitakachojengwa, mzee, haya ni mazoezi tu ya wanafunzi.

"Mazoezi," mzee akasema. "Mmefanya mazoezi juu ya mama yangu."

Nami, badala ya kunyamaza, nikafikiri jambo la heshima ni kuviondoa vyoo pale pale, mbele ya macho yake. Nikavishika nikavuta. Gundi aliyoipaka Okello ilikuwa gundi kweli, haikuachia. Nikavuta kwa mikono miwili, ubao wote ukanyanyuka, mnara wa saa ukang'oka ukaanguka kwenye mapaja ya mzee, na miti ya sponji, ambayo rangi yake haikuwa imekauka sawasawa, ikamwagikia kanzu yake nyeupe. Mimi nikabaki nimesimama na vyoo kumi na viwili mkononi. Sasa hakuna aliyecheka.

"Nani alipima upande huu?" Dokta akauliza.

Mdomo wangu ukasema, "Okello."

Okello alikuwa amepiga magoti anamfuta mzee kanzu kwa leso yake. Mkono ukasimama kidogo. Halafu ukaendelea kufuta.

Nilimkuta baadaye kwenye ngazi za nje. Nikaanza kusema sijui nini, kwamba nilishtuka, kwamba nitakwenda kwa Dokta nirekebishe.

"Utakwenda lini, Mama?"

"Kesho."

"Sawa." Akatazama vidole vyake vilivyojaa gundi. "Ukirudia mwaka, bwana wako nyumbani atakuacha usome?"

Jibu tulilijua wote wawili. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Asubuhi yake sikwenda. Nilijiambia nimalize kwanza kumenya matoke, watoto wale, ndipo niende. Mikono ilikuwa imejaa utomvu simu ilipolia, nikaibana kati ya sikio na bega. Alikuwa Dokta Namusoke.

"Okello alikuwa hapa tangu saa mbili," akasema. "Ameandika kwamba ni yeye aliyepima, na kwamba alibuni. Mimi simwamini. Kwa hiyo nakuuliza wewe, Mama, mara moja tu, na utakachosema ndicho kitakachokwenda kwenye kamati ya mitihani. Ni yeye?"

Nilimsikia anavyopumua, anasubiri. Alinipa muda mrefu, mrefu kuliko ambavyo ningempa mtu mimi.

"Ni yeye, Dokta."

"Haya," akasema. "Nimeandika." Akakata simu.