Bao la Kabla ya Adhana

Rafiki yangu, kuna watu hurudi mtaa waliokulia wakatokwa na machozi. Mimi nilirudi Nuzha juzijuzi nikaenda kusimama kwenye maegesho ya magari, mgongo umeegemea ukuta wa watu, nangoja Magharibi. Mlinzi akanijia, akaniuliza gari langu liko wapi. Nikamwambia sina gari. Akauliza basi nangoja nani. Sasa kumweleza mtu asiyekujua kwamba umekuja kusikiliza ni msikiti upi unaotangulia kuadhini, utaanzia wapi? Wewe angalau unanijua, kaa nikueleze.

Kazi yangu iko Riyadh, mapokezi, kwenye jengo moja la maofisi pale Olaya. Bosi alikuwa na mkutano wa siku mbili Jeddah, akanichukua nikamsaidie kupokea wageni, na jioni zote mbili niliachiwa huru. Nami Jeddah ndiko nilikokulia. Baba alikuwa dereva wa familia moja hapo Nuzha, mama mpishi wa nyumba hiyohiyo, na kafili wao, yule mwajiri aliyewadhamini, Mungu amjaalie, aliwahangaikia ikama yangu, kibali cha kuishi, wakanileta kutoka Mombasa ningali na mapengo ya meno ya utoto. Tulikaa chumba cha kando ya geti. Asubuhi nilikuwa nikifagia vumbi la uani kabla ya shule, na kila siku vumbi lilirudi vilevile, mpaka nikaamini kuna mtu analimwaga makusudi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kitupu, mchanga na changarawe. Mwisho mmoja ulikuwa ukuta wa kafili, mrefu hata jua likakusahau. Mwisho wa pili, mbali, ilikuwa barabara, bakala, kiduka cha maziwa na mikate, na gereji. Kwenye gereji ndiko alikokaa fundi, Mfilipino, mfupi, mikono myeusi kwa oili, na huyo ndiye aliyetuletea besiboli.

Hebu fikiria. Watoto wa madereva na wapishi, Wakenya, Wayemeni, Wapakistani, kila mmoja anataka kupiga mpira kwa mguu, na yeye anatupa gongo alilolichonga kwa mguu wa kitanda kilichotupwa. Mpira ulikuwa wa tenisi uliozungushiwa utepe wa umeme. Glavu hatukuwa nazo, nikaiba zile nene za mama za kutolea sinia kwenye oveni. Sambusa zikamuunguza vidole, na mimi nikaungua makalio kwa fimbo. Baba aliposikia akacheka, akaja kuangalia ni mchezo gani huu unaomfanya mtoto aibe glavu za jikoni, na tangu siku hiyo hakuondoka. Alasiri madamu, mke wa kafili, akirudishwa nyumbani tu, baba huyo kiwanjani. Akawa refa wetu, anasimama nyuma ya mpigaji, pale chini ya ukuta, na suruali yake ya kazi imepigwa pasi.

Mpaka leo naupenda mchezo ule kuliko mpira wa miguu, na watu wa ofisini wananiona nimerukwa. Nawatazama wachezaji wake kwenye simu wakati wa chai. Wenzangu wanashangilia mtu akipiga mpira ukapotelea majukwaani. Mimi hilo halinibabaishi, nguvu hata punda anazo. Ustadi ni yule aliye mbali, peke yake, anayeanza kukimbia kabla gongo halijagusa mpira, na anajua atautupa wapi kabla hajaudaka. Fundi alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa anakaa kule barabarani kabisa, karibu na gereji yake, na mpira ukija anakimbia ameupa mgongo, hautazami, kisha ananyoosha mkono tu, umo.

Yeye na baba walipendana, na sielewi vipi, maana hawakuwa na lugha. Fundi hakujua Kiswahili, baba hakujua Kitagalogi, Kiarabu chao wote wawili kilikuwa cha yalla na mafi na halas, twende na hakuna na basi. Lakini kila Ijumaa baada ya chakula baba alinichukua tukaenda chumbani kwa fundi, nyuma ya gereji, kutazama filamu za vichekesho. Harufu ya kuku aliyempika kwa siki na vitunguu saumu, kiyoyozi kinanguruma kuliko televisheni, na sisi watatu juu ya godoro. Filamu za Misri, za India, za kwao, chochote. Sauti ilikuwa haisikiki na hakuna aliyejali. Hapo ndipo nilipopata msimamo wangu ninaoutetea mpaka leo: kichekesho kinachohitaji maneno si kichekesho, ni mazungumzo. Mtu ajue kuanguka. Kulikuwa na mmoja mnene alikuwa anashuka ngazi na sinia la vyombo, na kila tulipomtazama baba alishika kichwa kama ndiyo mara ya kwanza, na fundi alimtazama baba badala ya filamu. Walicheka mpaka wakaegemeana.

Sasa sikia kilichotokea, maana ndicho kilichonipeleka kwenye ule ukuta.

Sheria yetu ilikuwa moja iliyozidi zote. Adhana ya Magharibi ikianza, halas, mchezo umekwisha. Bao lililoingia limeingia, lililo njiani halipo. Fundi ndiye aliyeiweka, naye ni Mkristo, alikuwa na msalaba mdogo ndani ya fulana. Alisema kiwanja cha watu kinachezewa kwa adabu ya watu. Jioni hiyo timu yetu ya nyumba za madereva ilikuwa sare na timu ya gereji, ya fundi. Zamu yangu ya kupiga. Nikaupiga mpira kwa namna ambayo sikuwahi tena, ukaenda juu ya kichwa cha fundi mpaka barabarani. Nikakimbia vituo vyote, besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kandambili zimebaki nyuma, nikaugusa ukuta, kituo chetu cha mwisho, kwa viganja vyote viwili. Baba akanyanyua mkono: bao. Kisha adhana ikatoka msikiti mkubwa, na watoto wote wakapiga kelele.

Fundi akaja kutoka kule mbali, anatembea taratibu, mpira mkononi. Akasema kwa Kiarabu chake, "Mafi, rafiki. Adhana kwanza. Yeye bado iko besi ya pili."

Baba akacheka, akidhani ni utani. "Adhana baada. Nimesikia mimi."

"Mimi sikia kwanza."

Nilimwona baba anabadilika uso mbele yangu. Akamwambia, "Wewe unanifundisha mimi adhana? Mimi nimezaliwa chini ya adhana." Fundi akagusa sikio lake, akaonyesha upande wa barabara, akarudia neno lilelile, sikia, sikia. Wakanigeukia mimi. Nilisikia nini? Wallahi sikusikia kitu, nilisikia moyo wangu tu. Baba akachukua kanzu yake iliyotundikwa kwenye msumari, akaenda kuswali, na hakurudi kiwanjani tena.

Ijumaa hiyo nilivaa nikakaa mlangoni. Baba akasema amechoka. Ijumaa nyingine amechoka tena. Mama akamwambia, "Kwa mpira wa watoto, bwana?" Akajibu si mpira, ameitwa mwongo wa ibada mbele ya mtoto wake, tena na Mkristo. Mimi nilikuwa mdogo, sikuelewa. Nimekuwa mkubwa, bado sielewi vizuri. Nilijiona mshindi na mkosa kwa pamoja, na hakuna aliyenipongeza wala kunigombeza.

Halafu fundi akapata karatasi ya kutoka moja kwa moja, ile usiyorudi nayo. Akaja getini kwetu na bakuli la tambi zilizokaangwa na karoti na kabichi. Baba alimwona dirishani, akajilaza kitandani, akageukia ukuta, akamwambia mama aseme amelala. Mama akasema amelala. Fundi akasimama kidogo. Kisha akanipa mimi bakuli, akanishika kichwa, akaenda. Baba alizimaliza zile tambi zote, peke yake. Mama akaliosha bakuli, akalijaza mahamri, kwa vile kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, akanituma kesho yake. Chumba kilikuwa wazi, godoro limesimamishwa ukutani, na Mpakistani mmoja anapaka rangi. Nikampa yeye mahamri. Bakuli nikarudi nalo.

Baba sasa yuko Kisauni, mzee, magoti yanamsumbua. Tunaongea kwa simu, na mazungumzo yakikauka tu atazunguka huku na huku mpaka afike kulekule: ule msikiti mkubwa ulianza wewe umeshagusa ukuta, sivyo? Ndiyo baba. Na hakuna mwingine uliotangulia, sivyo? Sijui baba. Nilipomwambia naenda Jeddah hakuniuliza kazi wala hoteli. Alisema, "Nenda pale chini ya ukuta usikilize. Unambie haki ya Mungu."

Basi ndiyo hiyo jioni ya kwanza na mlinzi wangu. Kiwanja kimekuwa lami na mistari myeupe, gereji imekuwa duka la kahawa ya bei mbaya, lakini ukuta upo na misikiti miwili ipo, ule mkubwa na ule mdogo wa ng'ambo ya barabara. Nikasikiliza nimefumba macho. Msikiti mkubwa ukaanza. Sikusikia mwingine. Nikampigia baba palepale, na alivyofurahi, rafiki yangu, nilimsikia anamwita mama ampe habari. Akasema, "Nilijua. Mimi sikuwa mwongo." Sauti ilikuwa ya yule refa wa suruali iliyopigwa pasi. Nikalala usingizi mtamu.

Jioni ya pili sikuwa na shughuli na ukuta wowote. Nilitaka juisi. Nilikuwa nimesimama mwisho wa pili wa kiwanja, mbele ya duka la kahawa, hapohapo fundi alipokuwa anasimama, natafuta mrija, na msikiti mdogo ukaanza. Wazi kabisa, masikioni. Nikageuka kuutazama ule mkubwa: kimya. Nikangoja. Mtu angeweza kukimbia kutoka besi ya pili mpaka ukutani, na akahema, ndipo ule mkubwa ukaingia. Kule chini ya ukuta ule mdogo haufiki, umbali na kelele za magari vinaumeza. Baba hakuusikia kwa sababu pale aliposimama haukusikika. Na fundi aliusikia kwa sababu aliusikia.

Nikakaa kwenye kiti cha duka, juisi inapata moto. Sijui wenzangu wangefanya nini. Siku hizi kwenye besiboli wana kamera kila pembe, refa anavaa spika za masikioni, anangojea waliokaa chumbani wamwambie, na bado watu wanatukanana wiki nzima. Mimi huwa nawatetea hao wa kamera. Kweli ijulikane, nasema siku zote ofisini. Sasa kweli ninayo mimi, na mzee wangu ana furaha ya siku moja tu, nimnyang'anye? Hata spika zenyewe za misikiti zimepunguzwa sauti tangu zamani zile, labda mambo hayakuwa hivi. Nilijiambia hivyo mara kadhaa. Lakini aliniambia haki ya Mungu.

Nikampigia. Nilimweleza polepole, aliposimama yeye, aliposimama fundi, ukuta, barabara. Hakunikatiza. Nikamwambia, "Baba, hakukuita mwongo. Nyote mlisikia kweli."

Kisha akasema, "Alikuja kuniaga, mwanangu. Nami nikajifanya nimelala."

"Najua, baba."

"Sasa hebu mtafute. Nyinyi mna hizo simu zenu, mnapata watu dunia nzima. Mtafute umwambie."

Nikafungua simu, kidole tayari. "Haya. Jina lake nani?"

Nikamsikia anavuta pumzi ajibu, akasita. Akamuuliza mama, na mama hakujua. Nikajaribu kukumbuka mimi, lile godoro, yule kuku wa siki, Ijumaa zote zile tumekaa bega kwa bega, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

"Sisi tulimwita fundi," baba akasema.

"Na yeye alikuita nani?"

"Dereva," akasema. "Aliniita dereva."