Upande wa Pili wa Ukurasa

Kaka yangu aliporudishwa kutoka hospitali ya Kabanga, alibebwa kwa machela. Miguu yake ilikuwa imekufa tangu lori lililomtoa Kibondo lilipopinduka, na madaktari walikuwa wametuambia kwa upole kwamba hawana la kuongeza.

Mama na mimi tulikuwa tumemwandalia chumba. Nyumba yenyewe ilikuwa mpya na mbaya. Ile ya zamani tuliiacha mlimani pamoja na migomba yetu, tulipohamishiwa kijiji kipya huku Nyakitonto, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule. Udongo wa kuta ulipokauka ulipasuka, na upepo ukawa unaingia. Mama akapika uji mzito wa muhogo, akachukua bunda la magazeti ya kaka, tukabandika kurasa kuanzia chini hadi juu.

Magazeti hayo kaka alikuwa amepewa hospitalini na Mzungu aliyetunza jenereta, ambaye baadaye alirudi kwao. Kaka alikuwa fundi wa redio, na magazeti yalijaa michoro ya waya. Tulipokwenda kumwona, alitukabidhi akasema, "Nitunzieni." Mama aliona hakuna mahali pa kuyatunza pazuri kuliko ukutani, ambapo yeye mwenyewe angeyatazama kutwa.

Walipomlaza, kaka alizungusha macho chumba kizima.

"Umependa, mwanangu?" mama aliuliza.

"Nimependa, mama."

Mama alipotoka, aliniita karibu. "Mdogo wangu, uone hii." Alinionyesha ukurasa uliokuwa usawa wa uso wake, wenye picha ya sanduku la chuma lenye safu za swichi na taa ndogo. "Habari yake inaendelea nyuma."

Nyuma kulikuwa na ukuta.

Alinieleza. Lilikuwa sanduku la kufanya hesabu, kompyuta. Mashine za namna hiyo zilikuwa kubwa kama ghala, za serikali na mabenki. Gazeti lilikuwa linasema sasa mtu anaweza kuiunda mezani kwake, vipande akiviagiza kwa posta.

"Fundi wa redio anaiweza?"

"Anaiweza. Na haitaki miguu."

"Umeme utautoa wapi?"

"Niache kwanza nijue. Nikishajua, ndipo nikose umeme."

Tulicheka, lakini niliona anachotaka. Alitaka kazi inayofanywa na mtu aliyeketi. Upande wa mbele ulisifu mashine. Namna ya kuiunda ilikuwa upande wa pili. Akanikataza nisimwambie mama.

Maisha yetu yakawa ya chumba kile. Kutoka kijijini kulitaka kibali cha mwenyekiti, na hata ningekipata, nani angemgeuza kaka kitandani? Mwanamume aliyenichumbia alingoja, kisha akaoa kwingine, huko Mabamba. Sikumlaumu. Mchana nilikuwa namsomea kaka kurasa asizoweza kuziona, zile za nyuma ya kichwa chake. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nne, Kiingereza sikukijua, kwa hiyo nilimtajia herufi moja moja, naye akaziunganisha na kunipa maana. Jirani yetu mmoja, mama mcheshi, alikuwa akichungulia na kusema, "Hapa kwenu hata ukuta umesoma kunishinda!"

Siku moja kaka aliniambia kwamba mashine ile inakumbuka.

"Inakumbuka nini?"

"Kila unachoiambia. Ila ukizima umeme, inasahau vyote."

"Basi ina faida gani?"

"Unaiambia tena," alisema.

Mama hakuwa mjinga. Alimkuta akikwaruza pembe ya ukurasa kwa ukucha, akauliza, na kaka hakuweza kudanganya. Mama alisimama pale ameshika ungo. Alikwenda jikoni akarudi na maji ya moto na kitambaa.

"Bandua," aliniambia. "Nyumba ibaki uchi. Mimi nilidhani karatasi ina uso mmoja."

Nililowesha taratibu. Kaka alikuwa ananiongoza, "Polepole, polepole, anzia pembeni." Kingo zilitoka. Katikati karatasi ilichanika kwa unene wake: ngozi ya juu ilikuja mkononi mwangu, ya chini ikabaki imeng'ang'ania udongo, maandishi yakiwa yametazama ndani. Muhogo wa mama ulikuwa umeshika vizuri.

Kaka alipanga vile vipande juu ya kifua chake. Vilikuwa na majina ya baadhi ya vifaa, na miisho ya mistari ambayo mwanzo wake haukuwepo. Alivitazama mpaka jua likahama dirishani.

"Tujaribu tena?" niliuliza.

"Utaimaliza. Acha ikauke."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Tangu siku ile alilala akitazama doa jeupe la karatasi iliyobaki ukutani bila kuniomba nimsomee ukurasa mwingine wowote. Vidonda vya mgongoni, vya kulala kutwa kucha, viliingia ndani, homa ikaja na mvua, akafariki kabla ya maharage kukomaa.

Kiangazi kilipofika, mama alisema hawezi kulala tena katika nyumba ile. Tuliibomoa ili miti yake tuitumie kujenga nyingine upande wa pili wa kiwanja. Ukuta wa kaka niliuangusha mwenyewe kwa jembe. Ulivunjika mabonge, na katika bonge moja niliiona ile karatasi. Udongo, kwa kukauka sana, ulimomonyoka wenyewe nilipoupuliza. Upande wa pili ulikuwa pale, mweusi kwa maandishi, na mchoro wenye mishale.

Sikuwa na wa kumpelekea. Mtu aliyekuwa akinipa maana nilikuwa nimemzika.

Nilikaa juu ya kifusi nikaanza kutaja, herufi moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile niliyokuwa nikiitumia chumbani. Kila mwisho wa neno nilinyamaza kidogo, kama nilivyozoea, ili aliunganishe. Kisha niliendelea na linalofuata.

Mama aliacha kukusanya fito. "Linasemaje?" aliuliza.

"Sijui, mama," nilimwambia.

Alikuja akaketi kando yangu. "Haya, maliza."