Wasichana Watacheza Baada ya Chakula

Sidonie alijifunza kurusha akiwa mtoto, kwenye mashamba ya mpunga ya Kiringye, kule ambako ndege hushuka kwa makundi na kumaliza mavuno ya mtu kabla hajanoa hata kisu. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza. Watoto wengine walipiga kelele na kugonga mabati. Yeye alifinyanga donge la udongo, akalirusha, na donge likatua pale pale alipotaka. Baba yake alikuwa akicheka: "Huyu mutoto iko na macho mu mukono!"

Mikono ile ikakua, miguu nayo ikafuata, mpaka ikawa taabu kumpatia sketi ya shule inayofika magotini. Alipelekwa Uvira kusoma, akakaa mtaa wa Kimanga kwa shangazi yake, aliyeuza mawese na sabuni mbele ya nyumba. Watoto wa mtaa wakambatiza Antene.

"Antene, leo unakamata redio gani?"

"Ya Bujumbura! Inasema mama yako anakutafuta ukaoge."

Ni kwa urefu huo huo Kochi Venant alimwona akipita kando ya kiwanja cha parokia, akamwita, akampa mpira. Venant alifundisha basketi katika chama kinachoitwa Mupira na Buku, yaani mpira na kitabu. Ukikitazama vizuri, kilikuwa chama cha ajabu. Kilikusanya wanafunzi wanaojua kucheza, kikawapa viatu, jioni kikawafundisha hesabu na Kifaransa cha mtihani wa taifa, kikawapiga video wakicheza na kuzituma kwa mashirika ya mbali yanayotafutia wachezaji nafasi kwenye vyuo vikuu. Nani angejua kwamba duniani kuna chuo kinachomlipia mtu masomo kwa sababu tu anajua kutumbukiza mpira ndani ya kikapu? Siku ya kwanza Sidonie alifikiri Kochi anamtania.

Hakuwa anatania. Sidonie akashika mambo yote mawili kwa nguvu. Asubuhi alirusha mpaka bega likawaka moto. Jioni alikaa benchi la mbele na kuuliza maswali hadi mwalimu akachoka. Alitaka kusomea mambo ya maji. Lilikuwa swali lililomkera tangu afike mjini: inawezekanaje mji unakaa mdomoni mwa ziwa kubwa namna ile, halafu watu wanapanga foleni na bidoni tupu za maji kwenye bomba lililokauka? Mahali fulani kulikuwa na chuo chenye jibu. Lakini shangazi hakuwa na uwezo wa chuo, na baba alikuwa na mpunga tu. Akikosa burse ya kumlipia masomo, anarudi Kiringye. Hapakuwa na njia ya tatu.

Mwaka wake wa sita, wa mwisho wa sekondari, habari ikaingia. Shirika moja lenye ofisi Bujumbura lingekuja siku ya Jumamosi kuwaona wachezaji kwa macho, siyo kwa video. Nafasi zilikuwa tatu, wavulana au wasichana, yeyote atakayewapendeza.

Mama Mapendo, prezidanti wa chama, aliwakusanya wasichana.

"Bageni hatuwezi kubanunulia chakula mu resto kama batu basio na watoto," alisema. "Mikono ya binti zetu ndiyo itabapokea. Muntu akishiba vizuri, na roho inafunguka."

"Na kucheza, Mama Prezidanti?" Sidonie aliuliza.

"Mutacheza. Bavulana saa ine, kisha chakula, kisha nyinye. Bado munalia nini?"

Saa nne ya asubuhi ilifika bila wageni. Walikwama mpakani Kavimvira, na gari lao likaingia uwanjani jua likiwa limesimama utosini. Wavulana wakaanza. Nyuma ya ukuta, wasichana walikuwa wameinama juu ya mbabula, majiko ya makaa, moshi machoni, jezi za chama chini ya vitenge. Sidonie alikuwa akigeuza mukeke, samaki wa ziwani. Kila mpira ulipodunda upande wa pili, alihesabu hatua za mchezaji bila kumwona, na alijua nani amekosa kwa sauti ya chuma tu.

"Huyo ni Luc," alimwambia rafiki yake Bella. "Amegonga chuma tena."

"Wacha Luc, angalia samaki. Itaungua, na Mama Mapendo atatuchoma siye."

Wavulana walicheza, wakaongezewa muda, wakaombwa warudie kwa ajili ya picha. Sidonie akaona jua limeanza kushuka. Akanawa mikono kwa sabuni, akafungua kitenge, akafunga kamba za viatu, akazunguka ukuta. Mama Mapendo alimkuta njiani.

"Weye! Unaenda wapi?"

"Mama, nirushe mipira kidogo tu. Banione kwanza, kisha nitarudi ku moto."

"Na moshi yote hiyo mu nguo? Utanuka mbele ya bageni? Watasema sisi batu ba namna gani?" Akamgeukia Venant. "Kochi, ongea na muchezaji yako."

Kochi Venant alikuwa karibu. Angesema neno moja lingetosha, maana uwanjani hata Mama Mapendo alimsikiliza. Akakuna kidevu.

"Enda, Sido. Wakimaliza kula, nitakuita wa kwanza."

Akarudi.

Wageni wakala. Walikula kwa furaha ya kweli, haikuwa ya adabu tu. Mkubwa wao, Bwana Bertrand, alimaliza mukeke wa kwanza akaomba wa pili, akapiga picha ya sinia, kisha ya wasichana wameshika masinia. Ndiyo picha pekee ya wasichana iliyopigwa siku ile. Halafu Mama Mapendo akasimama kutoa hotuba, akamshukuru Mungu, akawashukuru wageni, akaeleza historia ya chama tangu mwanzo. Alikuwa bado kwenye mwaka wa pili wa chama wakati dereva aliposogea na kumnong'oneza Bertrand.

"Mpaka unafungwa, patron. Tukichelewa tunalala hapa."

Viti vikasukumwa. Mikono ikapeanwa. Sidonie aliacha sinia chini akakimbilia gari.

"Monsieur! Bado hatujacheza. Minye ni muchezaji."

Bertrand alikuwa na simu sikioni. Aliona kitenge, aliona mafuta mikononi, akatabasamu kwa moyo wote.

"Asante sana, mama. Samaki wako mtamu, kweli kabisa!"

Sidonie alikuwa na miaka kumi na tisa.

Nafasi tatu zilikwenda kwa wavulana: kwa Bruno, kwa Thierry, na kwa Luc. Luc mwenyewe alipita nyumbani Kimanga kuomba msamaha, akakaa kwenye kiti, shangazi akampa soda.

Sidonie alifaulu mtihani wa taifa. Alikuwa anafunga mizigo ya kurudi Kiringye Mama Mapendo alipokuja mbio, uso unang'aa.

"Balikukumbuka! Nilikuambia! Bale watoto batatu watafanya kambi ya matayarisho mwezi muzima kabla ya kusafiri, na shirika linamutaka yule binti wa mukeke. Kwa sababu ya chakula chako!"

"Kupika?"

"Kwani ulifikiri nini, mwanangu?"

Alikubali. Shangazi alikuwa na deni la mawese, na mpunga ulikuwa bado mchanga. Akawapikia wale watatu asubuhi na jioni, akasikiliza mpira ukidunda nyuma ya ukuta.

Wiki ya mwisho Bertrand alikuja kuwaaga wachezaji. Akakaa mezani nao. Sidonie alipoinama kumwekea sahani, yeye akainua macho, akamtazama kutoka miguuni hadi kichwani kama mtu aliyegundua kitu kipya.

"Lakini wewe ni mrefu hivi! Hujawahi kufikiria kucheza basketi? Ungeweza hata kulipiwa masomo."

Bruno akainamia sahani yake. Luc akaacha kutafuna.

"Nilishafikiria," Sidonie alisema, akaenda kuleta pilipili ambayo Thierry alikuwa ameomba.