Mbwa Niliyempa Mzee Asiyepika

Nakumbuka asubuhi niliyojiona shujaa pale Kakuma, nikiwa na miaka ishirini na sita, mbwa wanne nyuma ya gari na mimi napiga mluzi kwenye usukani.

Mwanangu, asubuhi hiyo imenirudia kwa sababu ya simu yako ya jana. Umeniambia una mbwa saba hapa Lodwar, nyuma ya nyumba ya yule mwalimu aliyehamishwa, na mwenye nyumba amesema Jumamosi ikifika wangali pale atawatilia sumu. Ukasema utawapakia kwenye pikapu, uende nao soko la mifugo la Kakuma, na yeyote atakayenyoosha mkono apewe. Nilikata simu, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa nimeshikwa na aibu ya zamani.

Wakati huo nilikuwa mgeni Turkana, kijana wa Bungoma niliyeajiriwa kuchanja mbuzi na ngamia. Ofisi moja ya misaada ilikuwa inafunga virago, na uani kwake kulikuwa na mbwa wanne waliozoea kula makombo ya jikoni. Mpishi akaenda zake, walinzi wa lango wakaenda, mbwa wakabaki. Wakapewa siku tatu, kisha sumu. Nikasema mbele ya watu, "Niachieni mimi." Nilikuwa na mdomo siku hizo, na wapo wanaosema bado ninao.

Kufikia adhuhuri ya siku ya kwanza nilikuwa nimewamaliza wote. Nilisimama sokoni nikawasifu mbwa wale jinsi muuza mtumba anavyosifu koti, na wazee wanne wakakubali kuwachukua. Wa mwisho kupata mtu alikuwa Kamanda, mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililokatika, mpole kuliko jina lake. Nilimpakia pamoja na mzee aliyemchukua, nikawashusha karibu na boma lao upande wa Kalobeyei. Mzee akamfungua kamba, akanishika mkono kwa furaha. Mimi sikuingia bomani hata kusalimia. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na njaa, nasema ukweli.

Wiki tatu baadaye kazi ya chanjo ilinipitisha njia ile. Nje ya ua wa miiba nikaona mbwa amelala ubavu, amebaki mifupa, na kidonda kichwani. Nilimtambua kwa lile sikio. Alinitazama, akatikisa mkia mara moja, basi.

Mama wa boma akatoka na kibuyu mkononi, shanga zimemjaa shingoni. Jina lake Nakiru.

"Ejok, mama," nikamsalimia kwa Kiturkana. "Huyu mbwa ana nini?"

"Hiyo? Hiyo ni mwizi. Kila jioni inakuja kwa mlango yangu. Nafukuza na mawe, inarudi tu. Sijui ni ya nani."

"Ni yenu. Mimi nilimpa mzee."

Akaweka kibuyu chini. "Mzee alitoka soko, akaenda na ngamia siku ile ile, mpaka sasa hajarudi. Hakuniambia kitu." Kisha akaniuliza taratibu, "Kijana, hapa mzee anapika? Mzee anakamua mbuzi? Mbwa inakula kwa mkono ya mama. Kwa nini hukuingia uniambie?"

Katika maboma niliyoyafahamu kule, chakula kiko mikononi mwa akina mama. Kila mke ana mlango wake, na mbwa ni wa mlango ambako humwagiwa maziwa. Si kwamba sikulijua hilo. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikinywa maziwa ya akina mama hao, nikiwashukuru, nikifuta mdomo. Lakini ilipofika kazi ya maana, kama nilivyoiona, nikamtafuta mwanamume, kwa kuwa huko ofisini tulizoea kumtafuta mwenye boma kwanza.

Nakiru hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichuchumaa, akamimina maziwa kiganjani, akamsogezea Kamanda mdomoni. Kamanda akalamba kidogo akaacha. "Nimepiga mbwa yangu," akasema, na machozi yakamtoka. Nilikaa chini nikalia naye, kijana mzima na sare ya serikali. Kabla ya jua kuzama mbwa akafa, kichwa kimelalia goti la mama. Wiki tatu alikuwa amerudi kila jioni kwenye mlango wake mwenyewe, na hakuna aliyejua kwamba ni wake.

Kesho yake Nakiru alipanda gari langu bila kuombwa. "Twende kwa hao wengine," akasema. Tuliwapata wawili, wamekonda lakini wazima, na alizungumza na akina mama wa maboma yale kwa Kiturkana kirefu ambacho mimi nilishika nusu. Mbwa walipewa chakula mbele yetu. Wa tatu hakuonekana, na mpaka leo sijui alikoishia.

Kwa hiyo, mwanangu, usiende sokoni. Nenda majumbani, hata kama utafika nyumba tatu tu kabla ya Jumamosi. Muulize yule anayeshika mwiko, awe mama, awe kijana anayejipikia, awe yule fundi Mkongo wa Kakuma anayewapikia wanawe. Kaa mpaka umwone akimpa mbwa chakula kwa mkono wake, na mbwa anuse mkono huo. Ukimwona anakubali kwa kukuonea haya, shukuru uondoke na mbwa wako. Baada ya siku chache rudi ukawaangalie, wala usione aibu kumchukua tena asiyetunzwa. Kuhusu hiyo Jumamosi, niachie. Mwenye nyumba huyo tunasali naye kanisa moja. Jioni hii nitamwendea nimwombe wiki mbili, na akikataa, ua wangu una nafasi.

Umeniambia yupo mbwa mmoja mzee, hana meno, kila mtu anamkataa. Mimi namtaka. Lakini usinipe mimi. Njoo kesho umwombe mama yenu, maana mimi hapa hata chai napikiwa.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu, akupe miguu isiyochoka na uso usiochukiwa mlangoni pa mtu. Na wewe mwenyewe, popote utakapohamia, akujalie kufika mahali ambapo mwenye chungu anajua kwamba unakuja.