Mwaka Tuliotazama Mashabiki

Kama ulikulia Kibera wakati televisheni ilikuwa na mgongo mkubwa kuliko wa mwenyewe, wewe ni mwenzangu, sogea tuongee. Hawa vijana wa leo sina haja hata ya kuwaambia. Ukimwambia mmoja wao kwamba mechi moja ilihitaji watu watatu, mmoja wa kutazama, mmoja wa kupiga kelele dirishani na mmoja juu ya mabati akizungusha arieli, anakuangalia kama umeongeza chumvi. Na sijaongeza. "Zungusha, hapo hapo, sasa umepita, rudi." Huo ndio ulikuwa wimbo wetu wa Kombe la Dunia.

Kibanda chetu cha mechi kilikuwa Kisumu Ndogo. Kilikuwa cha mabati matupu, na mabenchi yake ya mbao hayakuwahi kupigwa randa, kwa hivyo ulirudi nyumbani na matokeo na vibanzi. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi. Watoto tulilipa tano, tukakaa mbele kwenye sakafu ya udongo, shingo juu mpaka ziume. Nyumbani ungejua Kombe limekaribia bila kuambiwa. Mama yangu, Mluhya wa Bungoma asiyecheza na ugali wake, alihamisha pesa za unga kutoka kwenye kopo akazishona ndani ya mto wa kulalia, kwa sababu baba alishalijua kopo. "Mpira hauliwi," alikuwa akisema, na baba anamjibu kwamba hata kwaya hailiwi lakini yeye hakosi mazoezi. Wiki hizo tulikula ugali na sukuma, kesho yake sukuma na ugali. Kilichobaki tulikifuata mlangoni pa kibanda.

Mlangoni alikaa Mama Odhis. Alikuwa mjane, mama wa Kijaluo mwenye mikono mirefu, na kibanda kile kilikuwa cha mwanawe wa pili, Ouma. Yeye mwenyewe aliuza mgongo wazi, yale mabaki ya samaki ambaye minofu yake imeshakwenda kwa wenye pesa, ikabaki mifupa, kichwa na ahadi. Aliyakaanga mpaka mfupa unavunjika mdomoni, akakufungia kwenye gazeti na chumvi na pilipili. Mtoto asiye na pesa alipewa mkia bila maneno. Mimi nikishalipa kiingilio sikuwahi kubaki na pesa, kwa hivyo nimekula mikia mingi ya mama yule.

Sasa niwaeleze habari ya picha. Arieli yetu ilishika vibaya, kwa hivyo kila kitu kilikuja mara mbili. Kila mchezaji alikuwa na kivuli cha kijivu upande wake wa kulia, kinakimbia akikimbia, kinaanguka akianguka. Wachezaji ishirini na wawili walikuwa arobaini na wanne. Hata refa alikuwa na chake, na mpira wa pili ulichelewa kidogo nyuma ya ule wa kwanza, tukawa tunabishana ni upi ulioingia. Mchana ilikuwa kichekesho. Lakini jioni ikiingia, Ouma akizima taa ili picha ionekane, vile vivuli vilikuwa kama watu wengine waliokuja kucheza bila kualikwa. Nilikuwa nasogea nishike mguu wa mtu mzima yeyote aliye karibu.

Mwaka ninaousema, Kombe lilikuwa Ulaya. Odhiambo, yaani Odhis mwenyewe, kifungua mimba wa mama yule, alikuwa ameondoka miaka miwili kabla yake. Alipitia jangwani na vijana wenzake kutafuta bahari ya kuvuka. Mara ya mwisho alipiga simu kwenye duka moja la simu kule Makina, mama yake akaitwa, akakimbia na unga mikononi. Waliongea dakika moja tu. "Mathe, Kombe likichezwa huko nitakuwa nimefika," alimwambia. "Tazama mashabiki, utaniona." Baada ya hapo hakuna aliyesikia neno lake tena.

Wajaluo wana desturi yao. Mtu akipotea na mwili usipatikane, watu wa nyumbani hutafuta tunda la mti wa yago, lile refu na zito, wakalilia na kulizika mahali pake. Aliyekufa anapumzika na waliobaki wanaendelea na maisha. Na aliyebaki pale alikuwa Ouma. Mdogo hajengi boma kabla ya mkubwa, na huyo mkubwa hakuwa hai wala hakuwa amekufa. Ouma alikuwa na mchumba, Achieng', ambaye alikuwa anangoja nyumba. Shemeji yake Mama Odhis akasafiri kutoka nyumbani, akakaa kwenye benchi la kibanda, akasema wakati umefika kijana azikwe. Nilikuwa hapo, nikamsikia mama akimjibu huku anageuza samaki.

"Ngojeni Kombe liishe. Nikimwona, hakuna wa kuzikwa. Nisipomwona, nitakuja na nguo zake mimi mwenyewe."

Shemeji akakubali. Nani angemnyima mama wiki nne?

Basi Mama Odhis akawa mtu wa pekee Kibera nzima anayefuata Kombe bila kujali nani anacheza na nani. Aligeuza kigoda chake akawa anaona ndani kupitia mlangoni. Kamera ikiwa kwa wachezaji, macho yake yako kwenye karai la samaki. Ikigeukia mashabiki tu, mkono unasimama, na mteja wake angoje.

Siku moja, mechi ya saa kumi, mafuta yalimrukia mkononi. Akainama kupuliza, na wakati huohuo kamera ikapita kwa mashabiki. Alipoinua kichwa walikuwa wameshaondoka. Akaniangalia mimi, maana nilikuwa nimechuchumaa pale pale na mkia wangu wa bure.

"Nekesa. Nyathina, mwanangu, umewaona wale watu? Alikuwepo?"

Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Sikuwa nimetazama kitu, nilikuwa natoa mwiba katikati ya meno. Lakini hakuna mtu mzima aliyekuwa amewahi kuniangalia vile, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimembeba mwanawe mfukoni. Nikasema, "Ndio. Nimemwona. Amevaa kofia ya buluu."

Kofia ya buluu ilitoka wapi sijui hadi leo. Mama Odhis alikaa chini mavumbini, akalia, akacheka, samaki wakaungua. Halafu akanipa kichwa kizima cha sangara, changu peke yangu. Nikakila, Mungu anisamehe, na kilikuwa kitamu.

Kesho yake fundi seremala, jirani yetu, akasema naye amemwona yule wa kofia ya buluu. Sikushangaa, watu wazima nao hupenda kuwa ndani ya habari. Kilichonitia baridi ni kijana wa arieli. Huyu alishinda juu ya mabati, televisheni yenyewe hakuwa anaiona. Alishuka siku ya pili yake akasema amemwona Odhiambo ameshika sikio lake la kushoto. Mama Odhis akajiziba mdomo. Mwanawe tangu utotoni alikuwa akishika sikio la kushoto mechi ikiwa ngumu. Mimi sikuwahi kusema habari ya sikio, kwa sababu sikuwahi hata kuijua.

Kibanda kikafurika. Watu walitoa shilingi kumi zao nzuri kuja kutazama mashabiki. Wewe mwenzangu uliyewahi kukaa kwenye kibanda cha mechi, jaribu kuwaza watu sitini, bao limefungwa, na hakuna anayepumua. Bao likifungwa kamera huenda kwa mashabiki, na hicho ndicho tulichokuwa tunakingojea. Makina walikuwa wanapiga kelele, mtaa wa pili wa Soweto wanapiga mabati, Kibera nzima imechanganyikiwa, na kwetu kimya, macho yamekodolewa, midomo wazi. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilijua hakuna kitu pale, na bado nilikuwa naogopa kitatokea.

Ouma peke yake hakutazama. Jioni moja nilipokuwa nanawa mikono kwenye beseni la mama yake, alinijia polepole akainama.

"Nekesa, niambie tu. Ni ukweli?"

"Ni ukweli," nikamwambia. Uongo wa kwanza ulinitoka tu. Huo wa pili niliuchagua.

Halafu ikaja robo fainali. Ilikuwa saa kumi na mbili, kwetu giza linaingia, kule kwao jua bado linawaka, watu wamevaa miwani na mashati mepesi. Ikapigwa kona, kamera ikapanda juu kidogo, nikamwona. Alikuwa mstari wa tatu na hakuwa na kofia. Kila aliyekaa kando yake alikuwa na kivuli chake cha kijivu, kama kawaida ya televisheni yetu. Yeye hakuwa nacho, alikuwa mmoja tu. Nywele zilikuwa zimemlala kichwani, shati limemganda kifuani, maji yanamtiririka kidevuni, na jua lote lile. Wenzake walikuwa wanaangalia kona. Yeye alikuwa anaangalia huku kwetu.

Kamera ikashuka. Niligeuka kumwangalia Mama Odhis, nikamkuta ameinamia karai. Nikajua hakuona, nikashukuru. Sikumwambia mtu, si mama yangu wakati huo wala mume wangu leo.

Kombe likaisha, shemeji akarudi, akaambiwa kijana ameonekana na watu wengi. Hakuna aliyezikwa. Achieng' alingoja hilo Kombe, akangoja na lililofuata, kisha akaolewa na mwalimu mmoja wa kwao. Ouma hakumlaumu. Kibanda kilibomolewa, wakahamia Kawangware, akafungua duka la kinyozi na kuishi na mama yake chumba kimoja. Kila nikimwona barabarani nilikuwa navuka upande wa pili.

Kombe lililopita nilijilazimisha nikaenda kuwasalimia, mchana, na mfuko wa sukari mkononi. Kwenye ngazi za ploti yao, jengo la vyumba vya kupanga, walikuwa wamekaa vijana watano, kila mmoja na simu yake, masikio yamezibwa. Mmoja anaruka, bao. Mwenzake anaruka baadaye, kwa sababu bando lake ni la bei ya chini. Wa tatu hana habari na bao, amebetia kona na anataka zifike tisa. Na kila mmoja anakula chips zake mwenyewe, mgongo umemgeukia jirani. Nikapita juu yao kama mtu anayepita juu ya mifuko ya saruji.

Ndani, Ouma alikuwa anamenya viazi. Ndevu zake zilikuwa na mvi. Televisheni yao ilikuwa nyembamba, imetundikwa ukutani, na Mama Odhis amekaa chini yake ingawa mtoto wa jicho ameshamharibu macho yote mawili.

"Ni Nekesa? Afadhali umekuja," akasema. "Huyu Ouma hajui kutazama. Nitazamie wewe."

Niliangalia zile mvi za Ouma. Nikachukua rimoti nikaua sauti.

"Mama, sikumwona. Ile siku ya kofia ya buluu. Nilikuwa natoa mwiba."

Kisu cha Ouma kikasimama. Mama yake hakushtuka hata kidogo.

"Hiyo najua. Odhiambo hakuwahi kuvaa kofia, kichwa kilikuwa kikubwa, hakuna iliyomwingia." Akacheka kidogo peke yake. "Mimi nakuuliza ile nyingine. Ya kona. Uligeuka kuniangalia, nikainama haraka ili usiniulize. Alikuwa amelowa, ama yalikuwa macho yangu?"

"Alikuwa amelowa," nikasema.

"Basi alizama. Nilijua siku ileile. Lakini ningesema, wangemzika, na akishazikwa hangekuja tena."

"Mathe." Ouma alikuwa bado na kiazi mkononi. "Miaka kumi na sita. Na mimi je?"

Mama yake akageuza uso kuelekea ile sauti.

"Wewe nilikuwa nawe kila siku," akasema. "Yeye nilikuwa nampata wiki nne tu, kila baada ya miaka minne. Nilikuibia, Ouma. Niliona nakuibia na sikuacha. Piga simu nyumbani, waambie watafute yago."

Ouma alimenya viazi vyote mpaka kikaisha cha mwisho, akaviosha, akaviweka jikoni. Kisha akafuta mikono, akatoka nje na simu, na tukamsikia anasalimia watu wa nyumbani.

Walikwenda kuzika, na mimi nilikwenda. Mama Odhis alibeba nguo mwenyewe kama alivyoahidi, akalilia lile tunda kwa jina la mwanawe mpaka sauti ikakauka. Kabla ya mvua Ouma alikuwa ameezeka nyumba yake, chumba na sebule, mwanamume wa makamo anaanza mambo ya kijana wa miaka ishirini na miwili. Mama yake huko nyumbani hataki tena televisheni. Akitaka kujua nani ameshinda, anauliza watoto wa jirani. Ouma naye sasa anatazama mpira wenyewe, na bao likifungwa anapiga kelele mpaka majirani wanalalamika.

Kwa hivyo mtu akiniambia picha za siku hizi ni safi, mimi sibishani naye. Ni safi kweli, unamhesabia shabiki meno, na kila mtu ni mmoja, hana wa pili. Vijana wanasema sisi tulikuwa hatuoni kitu, na ni kweli hatukuwa tunaona vizuri. Lakini nimebaki na tabia ile. Kamera ikipanda tu naacha kijiko, nawapitia mstari kwa mstari, wenye miwani, wenye bendera, wenye watoto mabegani. Wote ni wakavu.