Moshi Niliouwasha Juu ya Kahawa ya Bibi

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyomaliza kazi ya siku tatu kwa njiti moja ya kiberiti. Usinicheke kwamba nakuita mwanangu na mimi mwenyewe nipo kidato cha tatu, msichana ambaye bado anapangiwa zamu ya kufagia bweni. Wewe umeingia kidato cha kwanza juzi tu, hata kufuli la sanduku huna. Kwa hiyo mimi ni mzee. Kaa usikilize.

Ilikuwa likizo ya Septemba, kwetu Litembo. Bibi aliniambia niyalaze mabua ya mahindi ndani ya mashimo ya ngoro, yaoze, yawe chakula cha udongo. Ngoro unazijua, mashimo yaliyojipanga mlima mzima kama sega la nyuki. Wageni wakifika husimamisha gari wakashangaa, nasi tunapita tukijifanya hatujawaona, huku vichwa vimevimba. Sisi Wamatengo ndio tuliozuia mlima usishuke na mvua, tena kwa jembe la mkono.

Lakini kuinama kwenye kila shimo, mgongo unalia. Nikajiona msomi. Nikayarundika mabua pembeni mwa shamba, nikayachoma. Yalikuwa na umande, kwa hiyo moto ulikuwa mdogo na moshi mwingi ajabu. Nikarudi nyumbani, nikajipongeza kwa viazi.

Nilichosahau ni kwamba chini ya shamba ndipo kilipo kichanja cha kahawa. Kahawa ya Bibi ilikuwa imeoshwa jana yake, imelowa bado, inangoja jua. Na asubuhi za huku ni za baridi. Moshi haupandi, unateleza bondeni na kukaa. Ukakaa. Rundo langu lilifuka siku tatu. Majirani nao walikuwa wanachoma mashamba yao, na watu wa chini kuelekea Liuli vilevile. Pale mlimani ambapo siku zote tunaliona Ziwa Nyasa, tukawa tunaona utepe wa kahawia tu. Jua la saa tisa lilifanana na kiini cha yai la kienyeji. Unalikodolea macho wala hufumbi.

Bibi akachukua punje, akaiuma, akaitema. "Haijakauka." Akanusa viganja vyake. "Tena inanuka moshi wa jikoni."

"Bibi, moshi si utapita tu?"

"Wewe ndiye utakayepita. Nenda kwa mwalimu wako ukamuulize jua langu limekwenda wapi."

Nikaenda kweli. Mwalimu wetu wa Fizikia ni mtu wa Kagera, likizo hakusafiri. Nilimkuta anafua.

"Shikamoo, Mwalimu. Bibi anauliza jua lake liko wapi."

"Marahaba. Mwambie limeliwa." Akalikung'uta shati. "Moshi wa mabua na kuni ni chembe ndogondogo, na chembe hizo zinakula mwanga. Zinaanza na wa buluu na urujuani. Unaobaki kukufikia ni wa njano na mwekundu."

"Lakini Mwalimu, asubuhi moshi ulikuwa mweupe. Huu wa kahawia nani kauleta?"

"Ni huohuo. Moshi ukishatoka haubaki ulivyo. Ukiwa hewani unapikwa na jua, gesi zinazidi kugandia kwenye zile chembe, na rangi yake inaweza kukolea kama chai iliyosahauliwa jikoni. Ukikaa zaidi, jua hilohilo linaanza kuupausha."

"Kwa hiyo jua linakula moshi, na moshi unakula jua?"

"Naam. Na wewe unakula ugali wa bibi yako bure."

Niliondoka nacheka, ila nilipofika kwenye kichanja kicheko kiliisha. Nilinyoosha mkono juu ya kahawa, kivuli chake kilikuwa hafifu, hakina kingo.

Moshi ulipopungua, kahawa ilikauka, lakini gunia moja lilibaki na harufu. Sasa elewa, mwanangu: soko limeachiwa huria, wanunuzi binafsi wanapanda mlima na magari yao, wanagombania magunia na ushirika, na wengine kwa haraka wanapokea hata kahawa yenye maji. Ila magunia ya Bibi yanapokelewa bila kufunguliwa. Jina hilo amelijenga tangu mama yangu hajazaliwa.

Nikamnong'oneza, "Tuchanganye, Bibi. Nani atajua?"

Alinitazama hadi nikaanza kuhesabu vidole vya miguu yangu. "Jina langu likianza kunuka moshi, utalianika kwenye kichanja gani?"

Nililibeba gunia lile kichwani mwenyewe hadi mnadani. Mbele ya watu wote nikasema, "Shikamooni. Gunia hili limekula moshi. Niliwasha mimi."

"Huyo ndiye msomi wetu!" mzee mmoja akapaza sauti.

"Mpeni kiberiti kingine!"

Mnunuzi akalinusa, akanusa tena. "Mimi nina mafua, mama. Nisingejua."

"Mimi ningejua," Bibi akamjibu.

Mnunuzi akaliweka gunia lile upande wa daraja la chini, na mengine yote akayapandisha garini bila kugusa kamba. Bibi akajifunga khanga yake upya, akaongoza njia. Nilitembea nyuma yake, mwanangu, nimeaibika hadi masikioni, lakini shingo yangu ilikuwa ndefu kama ya twiga. Yule ni bibi yangu mimi!

Basi nakuusia hivi. Mabua yalaze kwenye shimo, hata mgongo ukilia. Kabla hujawasha, kumbuka moshi wako utakwenda kukaa kwenye jua la mwenzako, na huko utageuka kuwa kitu ambacho hukukiwasha. Na ukishakosea, sema mwenyewe, usingoje mwenye pua nzuri.

Mungu akupe jua lisilopunguzwa, mgongo unaokubali kuinama, na bibi mkali kama wangu. Amina. Sasa kalete ufagio, zamu yangu imefika na wazee tunaheshimiwa.